Damu kwenye Pua ya Ndege

Ndege ya mizigo iliangukia soko, ikamuua rubani Masudi pamoja na wachuuzi waliokuwa chini. Matanga hayajaanuliwa, kampuni ikatoa ndege nyingine, kuukuu vilevile, ili Zubeiri, mdogo wake Masudi, airushe. Mbuzi akachinjwa chini ya bawa, kama walivyochinja miaka yote, kila ilipoanguka moja na kurushwa nyingine.

"Mama Masudi, ipake damu puani," tajiri mwenye kampuni alisema. "Mkono wa mfiwa huondoa nuksi."

Bi Rehani alifyonza. "Nuksi? Chuma kimechoka, wewe waniambia nuksi! Mbona hupandi wewe na wanao?"

"Uchungu huo, jamani. Mshikeni."

Lakini alikwisha kulinyakua shoka la mchinjaji. Pigo la kwanza lilibandua rangi ubavuni mwa ndege. La pili lilizama kwenye bati kana kwamba ni debe, shoka likanasa humo. Walinzi wakamshukia kwa marungu. Alianguka kwenye damu ya mbuzi, na yake ikachanganyika nayo.

"Zubeiri, washa injini!" tajiri alifoka. "Samaki wanaoza humo ndani!"

Zubeiri, aliyekuwa juu ya ngazi, alimtazama mama yake pale chini. Alivua kofia ya urubani, akaitupa, akashuka. Aliling'oa shoka kwa mikono miwili, akageuka.

"Mwanangu," tajiri alisema, "tuzungumze."

Walinzi walisogea pembeni. Tajiri alirudi nyuma, viatu vikimteleza, mpaka mgongo wake ukagota kwenye gurudumu.