Bildi ya Olivier

Olivier alipiga magoti kando ya kisima, akapaka sabuni chini ya kipande cha chuma, kisha akaanza kukishusha kwa kamba. Mama Alphonsine, mwenye nyumba, alimwona kutoka jikoni. Akatoka mbio, mikono imejaa unga wa muhogo.

"Weye, ile unashusha mu kisima ni nini?"

"Ni bildi, mama."

Neno hilo halikumkalia vizuri. Hapo Bunia hakuwahi kulisikia, na kwa Alphonsine jambo lisilo na jina la kueleweka lilikuwa uchawi.

Mpangaji huyo alikuwa na mwezi mmoja tu tangu apande kutoka Kasenyi, ziwani. Akaeleza kwa upole kwamba neno alifundishwa na nahodha mmoja wa Kigoma.

"Mu ziwa, mutu hatupi nanga bila kujua chini kuko nini. Kamba inakuambia urefu. Sabuni inakuletea kile kiko kule: muchanga ao matope."

Kisima kilikuwa kinatoa maji machafu tangu kiangazi, naye alitaka kujua kama chafaa kuchimbwa zaidi. Alphonsine hakutaka kusikia. Akamwita mwanawe Aimé, akamwambia mtu huyu anatia sumu majini, afungashe leo hii. Watu wa nje walimchosha. Hata mkwewe Chancelle, mke wa Aimé, alimwibia herini zake za dhahabu, akaziuza Mahagi. Aimé mwenyewe ndiye aliyemrudisha kwao Fataki, na mpaka leo alikuwa akimpenda. Njia ya mwongo ni fupi, Alphonsine alizoea kumwambia.

Tangu maji yachafuke, mara mbili Aimé alileta vijana wa kusafisha kisima. Mara mbili mama yake aliwafukuza.

"Mama, acha tuone," alisema sasa.

Kamba ikalegea. Olivier akahesabu pima tano, akaanza kuvuta.

"Kata ile kamba," alisema Alphonsine.

Aimé akakipokea chuma, akakigeuza juani. Kwenye sabuni palikuwa na tope jeusi, changarawe mbili, na herini moja ndogo ya dhahabu.

Olivier, asiyejua mambo yao, alifurahi, akauliza kama walipoteza kitu. Aimé alikuwa anamtazama mama yake.

Alphonsine alijifuta unga kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja.

"Ya pili iko ku upande wa ukuta," akamwambia Olivier. "Ni kule niliitupaka."