Kipande cha Marehemu

Enzi hizo mlango wa nyumba ulikuwa haufunguki asubuhi mpaka kila mtu amalize kifungua kinywa chenye afya. Salha alioka shayiri kwa ndizi mbivu, akakata vipande vitatu kwa mazoea, ilhali mumewe Shekue walimzika Ijumaa. Mlango ukavihesabu.

“Baba bado hajala,” ukasema.

“Amekufa, we ubao!” Salha akaugonga kwa ngumi, machozi yakimtoka. Mtihani wa bintiye Mwatumu ulikuwa unaanza.

Mwatumu akavaa kofia ya babake, akakalia kiti chake, akasema kwa sauti nzito, “Mke wangu, leo iliki umeionea choyo.” Akala kipande chote.

Mlango ukafunguka.

“Nenda salama, Mzee Shekue. Jioni usichelewe. Bila wewe simfungulii mtu.”