Mazulia Juu ya Paa

"Kwani marehemu, Mungu amrehemu, alikuachia mashuka mangapi?" Lalla Izza aliuliza, mikono kiunoni, mwili wote umeziba mlango wa paa. "Kila siku unafua, kila siku unaanika. Hata hotelini hawafui hivyo."

"Vumbi, lalla," Tuda alisema. Alikuwa anahema, na hakuna mtu anayehemeshwa na shuka.

"Vumbi. Na mazulia haya nayo yameota hapa?"

Tuda akayatazama mazulia yake ya harusi, ya sufu nzito, aliyoyatandika paa zima kama ukumbi wa sherehe. Akasema ameyaanika yapate jua. Wote wawili wakainua macho. Mji wote wa Imuzzer ulikuwa umefunikwa na mawingu.

"Usinifanye mtoto, mwanangu. Unakimbia. Mtu yuko eda, kanzu nyeupe, soksi nyeupe, anakimbia juu ya kichwa cha mume wangu. Mzee wa watu sasa hali wala halali kwa ajili ya miguu yako."

Mji mzima ulimjua Tuda kwa miguu hiyo. Kabla ya msiba, alfajiri ilimkuta njiani: anapanda kwenye mierezi, anapita chini ya maporomoko mpaka manyunyu yanamlowesha nyusi, anazunguka Ziwa Awa, anarudi mikate haijatoka tanurini. Mumewe, Moha, alikuwa akimngoja mlangoni na chai, akiwatania wapita njia kwamba ameoa swala.

Moha alipofariki, njia ikafungwa. Mama mkwe, mwenye nyumba, anakaa ghorofa ya chini, mlango wake unatazamana na mlango wa barabarani, na si mtu wa kufanya mambo nusunusu. Mjane wa mwanawe hatavuka kizingiti mpaka eda iishe. Alimpa ufunguo wa paa tu, kwa ajili ya kuanika. Kuta zikaanza kumsogelea Tuda. Usiku akilala, miguu yake ilitikisika yenyewe kama ya mbwa anayeota.

Basi akaihamishia njia yake juu ya paa. Madishi ya televisheni yakawa mierezi. Tangi la maji linalovuja likawa maporomoko; alipita kwenye dimbwi lake makusudi, chapu chapu. Na lile tundu kubwa la katikati, linalopitisha mwanga kwenda madirishani kwa wapangaji, likawa ziwa. Ili asipate kizunguzungu, alijisemea kwa sauti kila alipofika: mierezi, maporomoko, ziwa.

Ndipo fimbo ilipoanza kugonga dari.

Alijua ni ya nani. Chini yake, kando ya dirisha la tundu lile, alilala Ba Haddu, mume wa Lalla Izza, aliyekuwa mlinzi wa msitu mpaka kiharusi kilipomwangusha. Hakuinuka tena, na dirisha lake linatazama ukuta. Tuda akipita kwenye tangi, ngo. Akizunguka tundu, ngo, ngo.

Tuda akavua viatu. Fimbo ikagonga. Akavaa soksi mbili mbili, akaruka dimbwi, akaacha kujisemea. Fimbo ikazidi. Mwisho akapandisha mazulia, moja moja, mama mkwe akiwa anaswali. Jana, alipofika tu kwenye tangi, ilipigwa kwa hasira mpaka chokaa ikadondoka kule chini. Akageuka hapo hapo na kushuka.

"Ningekuwa na roho mbaya," Lalla Izza alikuwa akisema, "ningeshateremka kwa mama mkwe wako zamani."

"Nakuomba, lalla. Akijua atanipokonya paa, na paa ndilo lililobaki. Nitakuwa natembea tu, polepole. Hutasikia kitu."

"Hutasikia kitu! Halafu yule mzee nikae naye mimi?"

"Basi nitaacha kabisa." Tuda akautoa ufunguo kwenye mkono wa kanzu. "Chukua wewe. Heri uwe nao wewe kuliko mama mkwe."

Lalla Izza aliutazama ufunguo, hakuushika. Aliinama kwa kuguna, akakamata ncha ya zulia lililokuwa karibu, akaanza kulikunja. Ilikuwa Ijumaa, na mvuke wa kuskusi ulikuwa ukipanda kutoka kwenye tundu, na harufu ya maboga na kondoo.

"Lalla, acha, nitayatoa mwenyewe."

"Shika upande huo, usinisimamie kama nguzo. Mgongo wangu si wa kuazima."

Wakakunja la kwanza. Wakakunja la pili. Kwa chini fimbo ikagonga, mara moja, kama mtu anayegonga mlango uliochelewa kufunguliwa.

"Unamsikia? Tangu jana kaninunia mimi, sahani kaisukuma. Anasema ulimwacha kwenye maporomoko." Lalla Izza akalisukuma zulia la mwisho ukutani kwa mguu, akajipangusa manyoya ya sufu mikononi. "Haya, vaa viatu vyako, mwanangu. Mpeleke mpaka ziwani, halafu rudini tule, kuskusi inapoa."