Kaa Tu Hapo

Fundi umeme alivuta kiti cha pili mezani, akamwomba dada yake mkubwa aketi.

"Nikusaidie kujaza fomu?" dada aliuliza.

"Hapana. Kaa tu hapo. Mshauri wangu wa kliniki amesema wenye akili ya kurukaruka kama yangu hutulia mtu akiwa karibu."

Fomu ya kuhuisha leseni ilikuwa imelala pale wiki tatu, na leo ilikuwa siku ya mwisho kuirudisha; ofisi ingefungwa saa kumi. Bila leseni hangeruhusiwa kugusa nyaya za mtu. Dada alikuwa amemwita mvivu tangu utotoni, mbele yake na nyuma yake.

Dada aliketi, akatoa kitambaa alichokuwa akikifuma. Fundi akaiacha simu chumbani, akatega saa ya jikoni dakika kumi na tano. Aliandika mistari miwili, akaenda dirishani, akarudi. Mguu wake ulitikisika hadi kikombe kikaanza kugonga kisahani.

Dada alikiondoa kikombe.

Saa ilipolia, ukurasa wa kwanza ulikuwa umejaa.

"Miaka yote nilidhani hutaki," dada alisema.

"Nilikuwa nataka, dada. Kila siku."

Dada aliweka sindano zake chini, akaitega saa upya.

"Haya," alisema. "Geuza ukurasa."