Theluji ya Tabata

Adelard hakuwa na jino moja la mbele. Hakuwa na gari, hakuwa na mke tangu alipofiwa miaka sita iliyopita, hakuwa na miwani isiyofungwa kwa waya. Cheti cha kidato cha nne hakuwa nacho mpaka alipotimiza miaka hamsini na tisa, alipokipata kwa masomo ya jioni. Kitu kimoja alikuwa nacho tele: kinyaa.

"Huu ni uchafu," alisema, akichomoa leso mfukoni na kufuta kibodi ya kompyuta. Leso iligeuka rangi ya mchuzi.

Kwenye kioo, theluji ilikuwa ikidondoka juu ya picha za wahitimu wa kituo cha elimu ya watu wazima, hapa hapa Tabata, penye joto la kuyeyusha mshumaa. Chini ya theluji, tangazo la kamari. Chini ya kamari, mwanamke asiye na nguo, bega kwa bega na mwalimu wa Kiswahili. Ukurasa ulichukua dakika nzima kufunguka, kana kwamba wenyewe ulikuwa unaona aibu.

Felicitas, karani aliyeitunza tovuti hiyo, alisimama nyuma ya kiti, mikono kifuani. Romani, mwenyekiti wa bodi, alikuwa ameshatangaza: mjumbe Adelard akague, aandike barua, na karani aondoke Ijumaa. Felicitas alikuwa na miaka hamsini na tano. Ofisi gani nyingine ingemchukua?

"Shikamoo mkaguzi," alikuwa amemsalimu alipoingia.

"Shikamoo ya nini? Umri wetu haupishani kiasi hicho."

Sasa Adelard alikuwa akimwonyesha kioo kwa kidole. "Hii theluji nani anaihitaji?"

"Mwenyekiti aliipenda. Krismasi ya mwaka juzi."

"Zima. Na hii hali ya hewa ya Oslo?"

"Ilikuja na theluji."

"Zima!"

Akafungua sanduku la maoni. Maoni elfu nne, yote ya dawa za nguvu za kiume, isipokuwa moja la mtu aliyeuliza kituo kiko wapi. Adelard alisogeza kiti nyuma, kama aliyekuta nywele kwenye wali.

"Huyu hakujibiwa?"

"Nilimjibu. Jibu likazama humo humo."

Sanduku likafungwa. Mlango wa wageni kujisajili wenyewe ukafungwa. Kila kikorombwezo kilipozimwa, ukurasa ulifunguka upesi zaidi.

"Na huyu anayejiita Fundi Mkuu?"

"Ndiye aliyeitengeneza tovuti, akaondoka bila kuaga. Sikuifuta akaunti yake, nikidhani atarudi."

"Miaka mingapi?"

"Minne."

"Huwa unawasubiri watu namna hiyo?"

"Zamani. Siku hizi nafunga mlango nalala zangu." Felicitas alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Mfute mwenyewe, basi."

Akabonyeza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Ukiacha ya Felicitas, ikabaki akaunti moja, na kumbukumbu za tovuti zilionyesha kwamba matangazo na picha chafu zote zilipitia humo. Mwenye akaunti: Romani.

"Neno lake la siri ni moja mbili tatu nne tano," Felicitas alisema polepole. "Alinikataza kulibadilisha. Anasema atalisahau."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Si yeye ndiye bodi?"

Adelard alikunja uso kama aliyeonja maziwa yaliyochacha. Akatoa daftari lake, akachonga penseli kwa wembe.

"Mdhamini wako kazini ni nani?"

Kicheko kilimkauka Felicitas. Pale kituoni, aliyeulizwa mdhamini barua yake ya kufukuzwa ilikuwa imeshaiva.

"Kaka yangu, Cyprian. Anakaa Chanika, nyuma ya kanisa."

"Ndiye mkubwa wa familia?"

"Ndiye. Baba alishafariki. Mzee, nina miaka kumi na tisa hapa. Usimpelekee kaka yangu aibu."

"Nitamwandikia ninachopaswa kumwandikia."

Siku hiyo, akirudi nyumbani, alishuka Buguruni kununua leso nyingine, nyeupe. Ya kwanza aliikataa kwa sababu ya doa.

"Doa liko wapi?" muuzaji aliuliza. "Mzee, hayo macho au darubini?"

Ijumaa, Adelard alifungua tovuti mbele ya Romani. Sekunde mbili. Hakuna theluji, hakuna kamari. Kisha akaweka mezani barua ya mistari mitatu: uchafu uliingilia kwenye akaunti ya mwenyekiti, nayo imefungwa; karani abaki kazini; mwandishi wa barua amejiuzulu ujumbe wa bodi kuanzia leo.

Romani aliisoma mara mbili. "Yaani unanivua nguo halafu unakimbia?"

"Nina barua nyingine. Hiyo siwezi kuituma nikiwa mjumbe."

Felicitas, aliyeitwa kusikiliza hukumu yake, alishusha pumzi. Lakini pumzi haikufika mbali: mkononi mwa Adelard aliona bahasha ya pili, yenye jina la Cyprian.

"Na hiyo je?"

"Hii kwanza inamhusu kaka yako," alisema Adelard, bila kumtazama.

Nje, chini ya ukuta wa kituo, Badru, rafiki yake wa siku nyingi, alikuwa akimsubiri, amevaa koti na tai kwenye jua lile. Adelard alirudia kuisoma barua. Akailamba gundi ya bahasha, akakunja uso kwa ladha yake, akaibana mpaka ikashika. Akaifunga ndani ya leso nyeupe, akamkabidhi Badru aende nayo Chanika.

Ndani ya barua, chini ya anwani mbili kama alivyofundishwa darasani, alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: YAH: OMBI LA KUMPOSA DADA YAKO FELICITAS, AKIRIDHIA MWENYEWE.