Mnandi na Merikebu Iliyozama

Enzi samaki walipokuwa na kadhi wao, Mnandi, ndege hodari wa kuzamia, aliigundua merikebu iliyozama. Ndani yake Kaa alikuwa akilea wanawe.

"Aliyeiona ndiye mwenyewe," akanadi Mnandi. "Hama!"

Kaa aliwaagiza wanawe wafunge mizigo, akafuatana na Mnandi kwa Chewa, kadhi wa bahari.

"Ni yangu, kadhi, tangu mlingoti hadi mkuku!" akaapa Mnandi.

"Nimekubali, bwana," akasema Kaa kwa adabu. "Ila merikebu hiyo ilipozama ilivunja nyumba zetu zote za matumbawe. Maadamu mwenyewe amepatikana, na azijenge."

Chewa akamgeukia Mnandi. "Umesikia?"

"Merikebu gani tena?" akajibu Mnandi, mbawa zimekwisha kukunjuka. "Mie mpita njia tu, shekhe!"

Kaa akarudi upandeupande, akawaambia wanawe wafungue mizigo.