Mkoba wa Laptop ya Zablon

"Huu laini mno," alisema Laurentia. "Ikianguka je?"

Raudha, mwenye duka la vifaa vya kompyuta pale Kibaha, akashusha mkoba wa nne. Mteja wake alikuwa ameikumbatia laptop iliyoviringishwa kwenye khanga, na hakukubali kuiweka hata juu ya kaunta.

"Ni yako, dada?"

"Ya mdogo wangu, Zablon. Aliisahau kwangu Tangini Jumapili, tulipotoka kwenye misa ya kumwombea mama. Yeye anafanya kazi Kisarawe."

Simu yake ikaita. Alikuwa Zablon mwenyewe. Kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa, Laurentia akaweka spika.

"Shikamoo, dada. Unaniletea leo?"

"Marahaba. Niko dukani, naitafutia mkoba."

"Aisee, asante. Wewe ndiye mama yangu sasa." Akaongeza haraka, "Si uliizima ulipomaliza kunisomea ile namba iliyokuwa humo?"

"Niliizima."

"Hukugusa kitu kingine?"

"Mambo ya kompyuta mimi nayajulia wapi, Zablon?"

Zablon akacheka, akakata simu.

"Ana bahati ya kuwa na dada," alisema Raudha.

"Nimemlea mwenyewe. Nimekaanga vitumbua miaka sita mpaka akamaliza chuo." Akageukia mkoba mweusi uliokuwa pembeni, akaugonga kwa vifundo vya vidole. "Huu mgumu. Maji hayaingii?"

"Hata tone. Na una kufuli."

"Nipe huo. Sitaki kilichomo kiharibike."

Akaiingiza laptop, akavuta zipu, akafunga kufuli, kisha akalijaribu tena na tena. Raudha alimtazama akatabasamu. Kaka zake mwenyewe wawili hawakuwahi kumnunulia hata leso.

"Wahi gari basi, dada. Kisarawe mbali."

Laurentia aliitikia kwa kichwa. Nje alisimama kidogo, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Kisha akavuka barabara na kuingia kituo cha polisi.

Askari alipomuuliza shida yake, alifungua kufuli, akaiwasha laptop, akafungua mkataba wa kuuza kiwanja cha mama yao cha Mbwawa, akamgeuzia kioo. Penye jina la mama kama muuzaji palikuwa na alama ya dole gumba, na pembeni yake tarehe: siku kumi na moja baada ya mama kuzikwa.